Kadi za harambee za shule zisitembezwe meza kwa meza

Mhariri,

Shule zinapofunguliwa, kadi za harambee huzagaa maofisini: basi la shule, bweni, ziara ya kidato cha nne. Kwa watumishi wa umma, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilikataza kugeuza ofisi kuwa mahali pa kuchangisha, na pia kutumia cheo kumbana mtu atoe.

Shida iko kwenye kadi yenyewe. Mkubwa akiandika jina lake na Sh2,000 mstari wa kwanza, tarishi anayeletewa baadaye haoni ombi, anaona kiwango. Orodha ya WhatsApp ni mbaya zaidi, maana asiyekuwemo anajulikana. (Anayeahidi ili jina lionekane, halafu halipi, naye tunamfahamu.)

Mwenye kuchangisha abandike tangazo moja ubaoni: shule gani, kazi gani, mwisho lini, na nambari ya malipo ya shule yenyewe, si ya simu yake. Hapo pesa zinaingia shuleni moja kwa moja na hakuna hesabu za kuulizana. Msimamizi asimwombe aliye chini yake, hata kwa utani.

Anayeombwa ana kwa ana aseme, "Mwezi huu sitaweza, nawatakia heri," aishie hapo. Ukitaja sababu, utaambiwa utoe hata mia. Na kadi ikiachwa mezani pako, irudishe tupu siku hiyo hiyo. Ikilala hapo wiki nzima, utaulizwa umekusanya ngapi.

Msomaji,
Nakuru