Nilinyamaza kutoka Kilifi hadi Mtwapa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na nyumba nzima, mama msalimie sana. Hili ningelisema kwa simu ungeligeuza mzaha, nami ningecheka, likaisha hivyo. Ndiyo maana naandika.

Usiku ule tuliporudi harusini Malindi, wewe ukiendesha, tulivuka daraja la Kilifi mshale wa mwendo umeshapita kilomita 110 kwa saa. Kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo ukafika 120, lori liko mbele, nawe unatafuta wimbo kwenye simu. Mdogo wako, ambaye hakufunga mkanda kule nyuma, alinishika mkono mpaka nikasikia kucha zake. Nikameza mate, nikatazama nje.

Ni haya iliyonifunga mdomo. Gari lako, mafuta umetia wewe, na sikutaka wenzetu waniite mwoga. Na wiki hiyohiyo nilimfokea dereva wa matatu apunguze mwendo, abiria wote wakisikia! Mtu nisiyemjua nilimwambia. Wewe tuliyekula sahani moja tangu utotoni nikakuachia. Jambo hilo limeninyima usingizi.

Unavikumbuka vibandiko vya "Zusha" kwenye matatu, vya kuwahimiza abiria waseme? Mwaka 2008 vibandiko vya namna hiyo vilijaribiwa kwenye matatu za masafa marefu hapa Kenya, na zile zilizobandikwa zikawa na madai ya bima pungufu kwa karibu nusu. Sauti ya abiria tu. Nami sauti nilikuwa nayo.

Nimepiga hesabu. Kwenye 120 gari hukata mita 33 kila sekunde. Ukiinamia simu sekunde tatu, umekwenda urefu wa uwanja wa mpira macho umefumba. Boda asiye na taa, mbuzi, mzee anayevuka kutoka msikitini, wote wamo kwenye mita hizo.

Sikuvunjii heshima. Mikono yako kwenye usukani ni mizuri, nalijua hilo.

Sikukuu tunakwenda Watamu kama tulivyopanga. Nitakaa mbele, simu yako nitaishika mimi, na hatuwashi gari kabla mdogo wako hajafunga mkanda. Ukipita 80 nitakwambia punguza. Nikisema mara ya pili hujapunguza, simamisha gari utushushe, mimi na yeye.

Nasubiri jibu lako.

Mwenzako wa siku zote