Umri wa dunia usiwe kipimo cha wokovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Tabora aliyeandika kwamba Mkristo anayekubali kuwa dunia ina zaidi ya miaka 6,000 ameiasi Biblia, na kwamba mtu wa namna hiyo asiruhusiwe kufundisha watoto wa kanisa. Mtu wa namna hiyo ni mimi. Nilifundisha jiografia katika shule za sekondari mpaka nilipostaafu, na hadi leo hapa Ujiji nafundisha darasa la kipaimara kila Jumamosi, kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote mbili.

Pengine ningeisoma barua ile na kunyamaza, kama si binti mmoja wa kidato cha nne ambaye mama yake huanika dagaa pale Kibirizi. Mwezi uliopita alibaki baada ya darasa, akaniamkia, akafungua daftari lake mezani. Upande wa mbele alikuwa amenakili somo la jiografia, kwamba dunia ina umri wa miaka karibu bilioni 4.5. Kisha akaligeuza juu chini na kulifungua kwa nyuma, ambako alikuwa ameandika mahubiri ya mhubiri mgeni: dunia ina miaka 6,000, na asiyekubali hana sehemu katika ufalme wa Mungu. Sentensi hiyo ya mwisho alikuwa ameipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Akaniuliza, "Mwalimu, nikiandika hii ya mbele kwenye mtihani, nitakuwa nimemkana Yesu?"

Nilimwambia hapana. Lakini nilipofika nyumbani niliona kwamba mtoto aliyebebeshwa mzigo kama ule hawezi kutuliwa kwa neno moja, na kwamba wapo wengi wanaoubeba bila kuuliza.

Kwanza, miaka 6,000 haimo katika mstari wowote wa Biblia. Imepatikana kwa kujumlisha umri wa mababu katika Mwanzo sura ya 5 na ya 11, kisha kuunganisha jumla hiyo na miaka ya wafalme. Anayejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alitangaza kwamba uumbaji ulianza jioni ya kuamkia tarehe 23 Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Simdharau hata kidogo. Alikuwa msomi mkubwa wa lugha na historia, na hata Johannes Kepler, yule mtaalamu wa nyota, alikuwa amepata jibu linalokaribiana na lake. Makosa yalikuja baadaye, pale tarehe zake zilipoanza kuchapishwa pembeni mwa maandiko katika Biblia za Kiingereza tangu mwaka 1701, kisha katika Biblia ya maelezo ya Scofield ya mwaka 1909, hata wasomaji wengi wakashindwa kutenganisha yaliyo ya pembeni na yaliyo ya ndani.

Waliojumlisha kwa uaminifu hawakupata jibu moja. Katika Agano la Kale la Kiyunani, ambalo waandishi wa Agano Jipya walilinukuu mara nyingi, Adamu alikuwa na miaka 230 alipomzaa Sethi. Katika maandiko ya Kiebrania, ambayo Biblia zetu za Kiswahili zinayafuata, alikuwa na miaka 130. Tofauti za miaka mia mia za aina hiyo zinajirudia katika orodha, ndiyo maana Wakristo wa Byzantium, ile dola ya Kikristo ya mashariki, waliuweka uumbaji mwaka 5509 kabla ya Kristo. Wayahudi nao, waliosoma Kiebrania kile kile alichosoma Ussher, kalenda yao inauhesabu mwaka 3761 kabla ya Kristo. Ningependa msomaji wa Tabora anieleze ni nani kati ya hawa aliyeiasi Biblia.

Isitoshe, neno "akamzaa" lenyewe lina nafasi pana kuliko tunavyodhani. Fungua Mathayo 1:8 usome kwamba Yoramu alimzaa Uzia, halafu ufungue 1 Nyakati 3:11 na 12, utakuta kati ya wawili hao wamo Ahazia, Yoashi na Amazia. Mathayo hakukosea, bali aliandika ukoo kama wazee wetu wanavyoutaja, kwa majina yanayobeba mlango, si kwa kumhesabu kila aliyezaliwa. Mwaka 1890 William Henry Green, mwalimu wa Agano la Kale katika chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani, na mtetezi mkali wa Maandiko, alionyesha kwa mifano kama hiyo kwamba orodha za Mwanzo hazikuwekwa ili tuzijumlishe kupata tarehe ya uumbaji. Hoja hiyo inahusu umri wa mwanadamu zaidi kuliko umri wa mawe, na siivuti ifike mahali isipofika.

Najua atakayejibu ataniuliza habari za zile siku sita, na ana haki ya kuuliza. "Ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja." Kwa wazee wa hapa Ujiji, ambao siku kwao huanza jua linapozama na ambao wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, mstari huo hauna ugeni wowote. Unasikika kama siku ya kawaida kabisa. Kutoka 20:11 inaisimamisha amri ya Sabato juu ya siku hizo hizo, na Warumi 5:12 inasema mauti iliingia ulimwenguni kwa dhambi, jambo linalomlazimu kila anayekubali mamilioni ya miaka kueleza mifupa ya wanyama waliokufa kabla ya Adamu. Hoja hizi ni nzito. Ndugu zetu Waadventista Wasabato, ambao katika mkutano wao mkuu wa San Antonio mwaka 2015 walithibitisha kwamba uumbaji ulikuwa wa siku sita halisi na wa nyakati za karibuni, hawakufanya hivyo kwa ujinga. Luther naye alizichukua siku zile kuwa siku tu. Mimi jibu langu kuhusu mauti ni kwamba Paulo anazungumzia mauti iliyowafikia "watu wote", lakini nakiri kwamba yapo maswali ya wanafunzi ambayo jibu hilo haliyamalizi.

Hata hivyo, swali la siku halikuletwa na wanasayansi. Origen wa Alexandria, mwalimu wa kanisa la kale, katika karne ya tatu aliuliza siku tatu za kwanza zilikuwaje siku ilhali jua liliwekwa siku ya nne. Augustino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku sita ni mpangilio wa kutufundisha. Nasema haya nikijua kwamba Augustino huyo huyo aliamini wanadamu hawajatimiza miaka 6,000. Hakuwa wa upande wangu wala wa upande wa mhubiri yule. Jambo alilotuachia, na ambalo ningetaka kila mhubiri alisome kabla ya kupanda mimbarini, ni onyo lake kwamba Mkristo akizungumza upuuzi kuhusu mbingu na nchi mbele ya watu wanaozijua habari hizo, hao hawatayaamini Maandiko pale yanaposema habari za ufufuo.

Na sisi wa Kigoma tunazungumzia habari hizo tukiwa tumekaa ukingoni mwa ushahidi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwenye vilindi vyake maji hayana oksijeni, hivyo hakuna mdudu wa kuvuruga tope. Katika sehemu kadhaa za sakafu yake tope limelala ukanda juu ya ukanda: kiangazi kusi likivuma na kuyachanganya maji, vijimea vidogo vyenye ganda kama kioo hustawi, hufa na kuacha ukanda mweupe, masika mito hushusha udongo na kuacha ukanda mweusi. Mabaki yaliyojazana chini ya ziwa yana unene wa kilomita kadhaa, na watafiti waliogawa unene huo kwa mwendo wa kujaa kwake walikadiria kwamba bonde la kati lina umri wa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Zamani niliwahi kuwapeleka wanafunzi ukingoni mwa mto Luiche, tukakata ukingo kwa panga, kijana mmoja akahesabu tabaka mpaka arobaini kwa ncha ya kidole kabla maji hayajaubomoa. Niliwaonya kwamba za mtoni si za mwaka kwa mwaka, kwa kuwa mafuriko mawili ya masika moja huacha tabaka mbili. Nao walielewa, kwani watoto wanaelewa kipimo kina mipaka yake wakielezwa.

Kwa dunia nzima kipimo ni kingine. Madini ya urani hugeuka polepole kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana, na ile ya aina ya 238 huchukua miaka karibu bilioni 4.5 hadi nusu yake igeuke. Kwa kupima risasi iliyomo katika vimondo, mtaalamu wa kemia Mmarekani Clair Patterson alipata mwaka 1956 umri wa miaka bilioni 4.55, na vipimo vya tangu hapo havikuutikisa.

Sisemi kwamba sayansi haikosei. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja kwenye ziwa letu hili mwaka 1896 na tena 1899, akaona konokono wanaofanana na wa baharini, akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale. Waliomfuata wakagundua kwamba konokono wale walipata maumbo yao humu humu ziwani. Ndiyo maana napenda mfano wa Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka na baadaye akaeleza chanzo chake. Papa Pius XII alipozungumza mwaka 1951 kana kwamba hesabu hizo zinathibitisha uumbaji, padre huyo hakupendezwa, kwa sababu hakutaka imani itundikwe kwenye nadharia ambayo kesho huenda ikarekebishwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 283, inazipokea kwa shukrani tafiti kuhusu umri wa ulimwengu, na bado haimdai muumini asadiki tarakimu yoyote.

Ombi langu kwa wachungaji, makatekista na wahubiri wa mkoa wetu ni hili tu: fundisheni mnachoamini kuhusu siku sita, kwa nguvu zenu zote, lakini msikiweke mlangoni pa ubatizo wala pa meza ya Bwana. Imani ya Mitume tunayoikiri kila Jumapili inamtaja Mungu Baba, Mwumba mbingu na nchi, na haitaji mwaka. Kijana akilazimishwa kuchagua kati ya Kristo na tope la Tanganyika aliloliona kwa macho yake, wapo watakaochagua tope. Nimewaona, na wengine ni wanafunzi wangu ambao leo nikikutana nao sokoni Mwanga wananisalimia vizuri lakini kanisani hawaji tena.

Jumamosi ijayo darasa letu litasoma Mwanzo 1 na Mathayo 1 kwa pamoja, na atakayetetea miaka 6,000 atapewa muda sawa na wangu. Yule binti nimemwomba aje na daftari lile lile, asichane upande wowote.

Wako katika Kristo,

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma