Barua kwa Baba: nikiitwa Morocco, nakwenda

Ubelgiji, 5 Desemba 2025

Kwa Baba na Mama,

Assalaam aleikum. Shikamooni. Mimi sijambo, baridi imeshaingia lakini nimeizoea. Barua hii naituma kwenye simu ya Dada Zuhura awasomee mkishakula, na namwomba asiirushe kwenye grupu la familia. Kule watu hujibu kabla hawajamaliza kusoma, nami nataka mnisikilize mpaka mwisho.

Kwanza ada ya Mwanaidi nimeshatuma, aende akalipe Jumatatu na risiti aitunze. Pesa ya bati na plasta, Mama, nakuomba uvumilie mpaka Februari. Sababu utaiona mbele.

Maneno ya Baba mdogo yamenifikia. Msiulize nani kaniletea. Kasema barazani, mbele za watu, kwamba nimekuwa Mzungu. Kwamba Oktoba nilijitia kuumwa ili nisije kambini kwa timu ya taifa. Kwamba nasubiri pasipoti ya Ubelgiji nichezee huku, kama mtoto wa Yurary alivyowachezea Denmark. Baba, nimeambiwa ulikuwepo ukanyamaza. Maneno ya Baba mdogo nimeyazoea tangu utoto. Kimya chako ndicho kilichonikosesha usingizi.

Huyo Yussuf Poulsen anayetajwa, baba yake alikuwa mtu wa Tanga, hilo hakuna asiyelijua kwetu. Lakini mwenyewe kazaliwa Copenhagen, mama yake ni wa huko huko, na baba yake alifariki yeye bado mdogo. Denmark ndiko kwao. Hata hivyo, Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi alivaa jezi iliyoandikwa Yurary mgongoni, dunia nzima ikalisoma jina la baba yake. Mtu wa namna hiyo hatajwi kwa kumsimanga mwingine. Na mimi nimezaliwa hospitali ya Bombo hapo Tanga, nikakulia mtaa wa Makorora, na wewe Baba ndiye uliyekuwa unanibeba mabegani uwanja wa Mkwakwani kuiangalia Coastal Union. Pasipoti ninayo moja, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na mbili. Mnadhani nitaitupa hiyo?

Kuhusu Oktoba, nyama za paja zilichanika. Daktari wa klabu alituma picha za vipimo kwa daktari wa timu ya taifa, na kanuni za FIFA zinairuhusu timu ya taifa kumtaka mchezaji apimwe na daktari wanayemchagua wao. Tena ukiitwa usipokwenda, klabu hairuhusiwi kukuchezesha siku zote hizo za timu ya taifa, na siku tano zaidi juu yake. Sasa nijitie ugonjwa ili nipate nini? Ningekaa jukwaani tu. Baba mdogo angeniuliza mwenyewe ningemweleza, namba yangu anayo, maana ya kuombea hela anaitumia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jina langu limo kwenye orodha ya awali ya Taifa Stars ya AFCON ya Morocco. Jumatatu kocha wa klabu aliniita ofisini, akafunga mlango. Si mtu mbaya. Akaniambia: "Sheria hainiruhusu kukuzuia, na sitakuzuia. Ila nafasi yako siwezi kukuwekea." Mezani palikuwa na karatasi ya kikosi cha mechi za kufungia mwaka. Jina langu lilikuwapo pale mbele kushoto, na pembeni yake kwa kalamu ya risasi ameandika jina la kijana mwingine, miaka kumi na tisa, mwenyeji wa hapa hapa. Hakuficha ile karatasi. Nadhani alitaka niione.

Mkiwa nyumbani mnaona sheria iko upande wetu, na ni kweli iko. Klabu lazima itoe mchezaji. Nikiumia na Stars nikakaa nje zaidi ya siku 28, FIFA wana mfuko wa kuilipa klabu mshahara wangu, na kwa wale wakubwa wanafika hadi euro 20,548 kwa siku. Klabu imekingwa. Lakini hakuna mfuko unaorudisha namba ya mchezaji. Januari dirisha la usajili linafunguliwa, klabu inanunua mshambuliaji mwingine wakati wewe uko Morocco unaimba wimbo wa taifa, nawe mkataba wako unaisha Juni. Bonasi za mechi nazo hazipo, kwa sababu bonasi ni ya aliyecheza. Ndiyo hiyo pesa ya bati, Mama.

Na msinipigie mfano wa Samatta. Namheshimu kuliko mchezaji yeyote aliyetoka kwetu, na huku akitajwa Genk, klabu yake ya zamani, bado watu wanasimulia mabao yake. Ila alipowaongoza Stars Misri 2019 ilikuwa Juni, ligi zimefungwa, Genk wameshakuwa mabingwa. Sisi safari hii tunaitwa Desemba, ligi iko katikati. AFCON hii imesogezwa kwa sababu Juni na Julai FIFA walikuwa na Kombe la Dunia la klabu, na juzi tu wametangaza klabu zinaweza kukaa na wachezaji mpaka tarehe 15 Desemba. Mashindano yanaanza tarehe 21. Kabla ya hapo ilikuwa tarehe 8. Timu zetu za Afrika zimepunguziwa wiki nzima ya mazoezi pamoja, na ninaona ni dharau. Kombe la Ulaya lisingechezewa hivyo.

Abdi ananiandikia kila siku kuhusu Onana, yule kipa wa Kameruni, basi na mimi namjibu humu humu. Mwaka 2017 Onana alikuwa kijana Ajax, akaitwa Kameruni, akabaki klabuni kulinda namba yake. Wenzake kadhaa nao walikataa, akiwemo Matip wa Liverpool. Kameruni wakaenda Gabon bila wao na kombe wakalibeba, wakawafunga Misri 2-1 kwenye fainali. Miaka saba baadaye, Januari 2024, huyo huyo Onana akacheza Jumapili na Manchester United dhidi ya Tottenham, usiku akapanda ndege kwenda Côte d'Ivoire, na Jumatatu Kameruni wakacheza na Guinea yeye hayumo uwanjani. Ukiwa na miguu pande mbili unachekwa pande zote mbili. Nimelifikiria sana hili.

Mama, msidhani huku nalia. Mwezi uliopita nimefunga mawili kwenye mechi moja, la pili kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi, Dada Zuhura anayo video. Yuko mzee mmoja mshabiki wa timu yetu, kanunua bendera ya Tanzania na kila mechi ya nyumbani anaitundika nyuma ya goli. Wenye maduka wananisalimia kwa jina. Nimefika mahali ambapo katika vijana wote tuliocheza pamoja Makorora hakuna mwingine aliyefika, na nimefika bila kubebwa na mtu. Hilo Baba mdogo alieleze barazani pia.

Lakini Ijumaa nikitoka msikitini nikasikia Waarabu na Waturuki wanaongea lugha zao na watoto wao, nawakumbuka nyote. Natamani samaki wa kupaka wa Mama. Natamani kelele za Ngamiani. Wallahi hata joto la Machi nalitamani.

Kwa hiyo nimemjibu kocha: nikiitwa kikosi cha mwisho, nakwenda. Akanipa mkono. Sikumweleza sababu, ila wewe Baba nakueleza. Umenisimulia mara ngapi bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, lililotupeleka AFCON ya Nigeria 1980? Na jinsi mlivyoikalia redio mechi ya kwanza, Nigeria wakatufunga 3-1 Lagos? Tangu siku hiyo tumekwenda fainali za 1980, 2019 na zile zilizochezwa 2024, na hatujashinda mechi hata moja. Hata moja, Baba. Na safari hii tunaanza tena na Nigeria, tarehe 23. Nataka niwemo humo.

Nikikosa namba nikirudi, nitatafuta klabu nyingine. Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na sitaki siku hiyo mtu aulize nilikuwa wapi Morocco.

Ninachowaomba ni viwili. Mama, mwambie fundi Februari, asichukue mkopo wa bati kwa jina langu. Na wewe Baba, nenda ukae na Baba mdogo, mzungumze kama ndugu, umwambie niliumia kweli. Mwambie pale pale barazani, mbele ya wale wale waliomsikia. Ukishafanya hivyo nijulishe, kabla sijaondoka tarehe 15.

Msalimieni Bibi, Mwanaidi na Abdi, na majirani wote.

Wasalaam,
Mwanenu