Jina lake tuliweke au tulifiche?

Kwako Somo,

Salamu nyingi, na usinune kwa kimya changu. Mimi mzima. Kibali cha uandishi nimekipata baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Usingizi ndio sina, maana bosi wetu, Mzee wa Miwani, hataki kuelewa kwamba saa za huku si za huko. Yeye akimaliza chai yake ya asubuhi ananipigia, mimi huku ni usiku wa manane. Mwambie, tafadhali.

Ila nimekuandikia kwa ajili ya fiksa wangu, yule mwenyeji anayenisaidia kazi huku. Ndiye mkalimani, ndiye dereva, ndiye ajuaye barabara ipi imefungwa na kamera ifichwe wapi. Mimi naingia mubashara na kutamka kwa madaha, "Hali hapa ni tete," kumbe yote nimeyasikia kinywani mwake kabla ya hapo. Juzi mama mmoja alitusimulia mengi. Fiksa akanifikishia nusu tu. Nilipombana akasema hayo mengine yakitangazwa, mama yule atajulikana. Mhariri gani huko kwetu angewaza hivyo?

Sasa Mzee anataka jina la fiksa litajwe mwishoni mwa ripoti, eti tumpe heshima yake. Nia njema, lakini mimi nikiudhi wakubwa wa huku nitafutiwa viza na kupandishwa ndege. Yeye mlango wake wanaujua.

Unamkumbuka yule fiksa, Ajmal Naqshbandi? Afghanistan, 2007, alitekwa Helmand pamoja na mwandishi wa Italia, Daniele Mastrogiacomo, na dereva wao, Sayed Agha. Dereva akachinjwa. Mwitaliano akaachiwa kwa kubadilishana na wafungwa wa Taliban. Ajmal akabaki mikononi mwao, na Aprili wakamuua. Mwaka 2009 ikawa zamu ya mkalimani Sultan Munadi, kule Kunduz, Afghanistan hiyohiyo: makomando wa Uingereza walikwenda kumwokoa mwandishi aliyetekwa pamoja naye, Stephen Farrell wa gazeti la New York Times, Farrell akatoka hai, Munadi akapigwa risasi. Wangapi walikuwa wanawajua kabla hawajafa?

Nimemuuliza fiksa mwenyewe. Akacheka: "Pesa kwanza, jina baadaye." Kesho yake, tukiwa njiani, akasema mwanawe angefurahi kusikia jina la baba yake redioni. Nikakosa la kujibu. Mpaka sasa sina.

Na hiyo pesa! Siku habari isipotumika hawataki kumlipa, kana kwamba petroli na hofu havikutumika. Fulana ya kuzuia risasi na kofia vimekuja vya mtu mmoja. Bima ni yangu peke yangu. Nikivaa fulana ile nikiwa nimekaa kando yake garini naona haya, basi naiacha kiti cha nyuma, jambo ambalo ni ujinga mtupu, najua, usinihubirie.

Unaweza kumshika Bi Mkubwa wa Fedha akiwa na furaha? Fulana ya pili itapatikana? Mkataba wa fiksa unaweza kuandikwa kwa siku, si kwa habari? Na wewe ungefanyaje kuhusu jina: ulitaje, ulifiche, au tumwachie yeye aamue kila ripoti? Yule wa dawati la michezo bado anakudai? Nijibu upesi, wiki hii tunaelekea mpakani na huko mtandao ni wa kubahatisha.

Wako,
Somo