Msitafute wajumbe wa bodi asubuhi ya mkutano mkuu

Mhariri,

Mashirika mengi madogo ya kujitolea hapa Uganda, kuanzia vikundi vya Arua na Gulu hadi vya vitongoji vya Kampala, hujaza viti vya bodi siku ile ile ya mkutano mkuu. Jina linatajwa, watu wanapiga makofi, yamekwisha. Mara nyingi anayetajwa ni mheshimiwa fulani ambaye hata hakuulizwa.

Tuhesabu madhara yake. Bodi ina watu 7 na akidi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao, ni 4. Viti 2 wamepewa waheshimiwa wasiohudhuria, wamebaki 5. Mmoja akisafiri na mwingine akiuguliwa, wanabaki 3 na kikao hakifanyiki: bajeti haipitishwi, na mfadhili anayesubiri ripoti iliyoidhinishwa anaendelea kusubiri.

Kazi hii ianze miezi 4 au 5 kabla. Angalieni muhula wa nani unakwisha na ataondoka na ujuzi gani, kisha andikeni mnachokosa bila kuzunguka: mtu awezaye kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, anayeelewa mambo ya ardhi kama mna kiwanja, na mmoja kutoka kwa wale mnaowahudumia. Huyu wa mwisho husahaulika kuliko wote, ilhali ndiye anayejua huduma inafika au haifiki. Mhasibu wa SACCO, muuguzi, mwalimu mstaafu, kiongozi wa akina mama sokoni, na hasa aliyekwisha kujitolea kwenye kamati zenu: hao ndio wa kuanzia.

Waendewe ana kwa ana na wajumbe wawili, waambiwe ukweli wote. Vikao vingapi kwa mwaka, saa ngapi, nauli hurudishwa kiasi gani, mshahara hakuna. Deni lipo? Lisemwe. Ripoti ya mwaka imechelewa? Isemwe pia, maana akiigundua baada ya kuchaguliwa ataacha kuja bila hata kuandika barua. Apewe katiba, taarifa ya fedha ya mwaka uliopita na kumbukumbu za vikao 3 vya mwisho akasome, kisha aalikwe kikao kimoja asikilize tu. Akikataa, ashukuriwe, mnao muda wa kumtafuta mwingine.

Kuhusu jamaa tunasema wazi: mwanzilishi asijaze bodi na mkewe, shemeji na binamu. Watu wa nyumba moja wakitia saini hundi pamoja, saini mbili hazilindi kitu. Wala msibadilishe bodi nzima kwa mpigo; theluthi kila mwaka inatosha, ili wanaobaki wawafundishe wanaoingia.

Uchaguzi ukiisha, nendeni benki wiki hiyo hiyo, mkiwa na kumbukumbu za mkutano zilizotiwa saini, azimio la kubadili watia saini, nakala za vitambulisho vya taifa na picha. Anayeondoka aende nanyi angali anapatikana. Laini ya simu ya kupokelea pesa nayo iangaliwe: nyingi zimesajiliwa kwa jina la mhazini aliyeondoka, na pesa zikiingia humo yeye ndiye anayeweza kuzitoa. Mwisho, pelekeni majina mapya mlikosajiliwa. Kikundi cha kijamii ni wilayani, na kampuni ya dhamana isiyo na hisa ni URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni.

Wahudumu wa vikundi vya kujitolea,
Jinja