Mhandisi wa mitambo aitwe kabla ya zege kumwagwa

Kwa Mhariri,

Nyumba za wageni zinajengwa kwa wingi Malindi na Watamu, na nyingi hufuata mpango uleule: msanifu anachora, mhandisi wa zege anapima nondo, kontrakta anamwaga slabu. Dari ikishafungwa ndipo fundi wa AC na fundi bomba wanaitwa watafute njia. Njia huwa imeshazibwa.

Chukua maji ya kiyoyozi. Kwa unyevu wa huku pwani, mashine ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) yaweza kutoa lita moja na zaidi kwa saa. Maji hayo hayasukumwi na pampu, yanateremka tu, hivyo bomba lataka mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita. Ikiwa ni mita 8 hadi ukuta wa nje, lishuke sentimita 8. Jumlisha unene wa bomba na sponji yake, unahitaji sentimita 15 hivi juu ya dari. Iliyoachwa ni 10, na katikati pana bimu. Fundi atafanyaje? Ama atatoboa bimu na kukata nondo, ama atalilaza bomba, na haupiti muda jipsamu inaota doa la rangi ya chai. Kipande cha PVC cha inchi 2 kikitegwa ndani ya mbao kabla ya zege, mahali alipopakubali mhandisi wa zege, kazi imekwisha.

Wakikosa njia ya nje huliunganisha bomba hilo na la choo. Msimu wa wageni wachache AC huzimwa, maji ya kwenye trapu, ile kona ya bomba inayoshika maji ili kuzuia harufu, yakakauka, na harufu na mende wakapanda hadi chumbani. Liishie nje, juu ya trapu ya chini, likiachiwa nafasi ya hewa lisigusane nayo.

Kuhusu ukubwa wa mashine, wenye nyumba wengi huamini kubwa ndiyo bora. Sivyo. BTU 24,000 katika chumba cha mita 4 kwa 4 hupoza hewa upesi, ikajizima kabla haijakamua unyevu. Chumba ni baridi lakini shuka zina majimaji na kabati linaota ukungu. Mashine za inverta, zinazopunguza mwendo badala ya kujizima, hupunguza shida hiyo, haziiondoi. Hesabu ya joto ifanywe chumba kwa chumba: dirisha la magharibi, paa la mabati au slabu, idadi ya watu. Mara nyingi chumba kama hicho, kikiwa na kivuli, hutoshwa na 12,000.

Mashine ya nje nayo isitazame bahari. Kusi ikivuma, chumvi hula mapezi ya alumini mpaka yanamumunyika kidoleni. Ioshwe kwa maji matamu kila mwezi, si ya kisima cha chumvi.

Mji wa Kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, una mambo yake. Vichochoro ni vyembamba: ukitundika mashine hapo, hewa ya moto inagonga ukuta wa jirani na kurudi, mashine ikajichosha bure. Na tangi! Lita 5,000 ni tani 5. Kuliweka katikati ya dari ya boriti za mikoko ni kutafuta maafa. Hata huo urefu hausaidii sana, maana kila mita moja ya kimo huongeza msukumo wa maji kwa takriban baa 0.1 tu. Tangi kubwa likae chini, dogo liwekwe juu ya ukuta mnene wa mawe, na pampu ndogo ifanye iliyobaki.

Maafisa wa kaunti wanaopitisha ramani wadai karatasi tatu zilizotiwa sahihi na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi: hesabu ya joto, mchoro wa mabomba unaoonyesha kila tundu la slabu, na mahali pa tangi pamoja na uzito wake likiwa limejaa.

Mhandisi wa mitambo ya majengo,
Malindi