Barua kwa mdogo wangu juu ya godoro la mama

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu ulilolifanya, kuvitundika vyombo vya marehemu mama kwenye maonyesho yako ya sanaa, ulilifanya mbele ya watu.

Nianze na lililo jema, maana kulificha ni dhuluma. Mbele ya zile leso za mama ulizoziunganisha kwa mkono, zilizopauka kwa jua na sabuni ya mche, nilisimama mpaka miguu ikauma. Nilikitambua kisutu chake, kipande kimoja tu. Na kile kifumbu ulichokitundika peke yake, ukili umegeuka rangi kwa miaka ya tui, kilinirudisha jikoni Kibokoni: mama amekalia mbuzi, mguu mmoja ameukunja, kifuu kinazunguka mkononi. Ubao wa mbuzi ile umelika pale alipokuwa akikaa, na mpini wa mwiko umelika upande wa dole gumba lake. Hapo nilikuelewa, mdogo wangu, kwamba vyombo vya nyumbani hushika umbo la mwili uliovitumia, na kwamba mwenye jicho lako huliona.

Kisha nikapinda kona, nikaliona godoro.

Ulilisimamisha wima, bila shuka, chini ya taa kali. Sufi imebonyea alipolala miaka mitatu: bega la kushoto, nyonga, kisigino. Na lile doa, ambalo mimi na wewe twajua ni la nini. Kijana nisiyemjua alikuwa akilipiga picha. Nilivua mtandio wangu nilifunike, na mwangalizi akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba vitu haviguswi. Mimi, niliyeligeuza godoro lile kila asubuhi na kulianika darini, niliambiwa nisiliguse.

Najua ulivyomwambia shangazi: kwamba mimi ndiye niliyelitupa. Ni kweli. Baada ya arubaini nilimwita hamali wa mkokoteni, nikampa godoro, mbuzi, mikeka, vyote, na wewe ukamfuata njiani ukamlipa. Lakini kutupa kwangu kulikuwa kufunika. Nilitaka doa lile liende lisikoonekana na mtu, kwa sababu mama, hata ulimi ulipokuwa mzito, alikuwa akivuta shuka kila mlango ulipobishwa. Wewe hukuyaona hayo. Ulikuwa Nairobi, ukija Idi kwa Idi. Sikulaumu kwa kazi yako. Nasema tu ni nani aliyekuwepo.

Uliwahi kunisimulia habari za msanii Song Dong wa Beijing, aliyetandaza ukumbini, mwaka 2005, vitu zaidi ya 10,000 vya nyumba ya mama yake, hadi vipande vya sabuni. Nimekwenda kuisoma habari hiyo mwenyewe. Mama yule alikuwa hai, amezama katika huzuni ya kufiwa na mumewe, na mwanawe alimshirikisha; mama mwenyewe alivipanga kwa mikono yake na kuzungumza na waliokuja kutazama. Mama yetu nani alimuuliza? Nimesoma pia juu ya msanii Doris Salcedo wa Kolombia, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliweka viatu vya wanawake waliopotezwa ndani ya vishimo vya ukutani, mfano wa zidaka za nyumba zetu, viatu alivyopewa na jamaa zao. Mbele yake aliwamba kibofu cha ng'ombe, akakishona ukutani kwa uzi wa upasuaji. Kiatu unakiona, na hukioni. Mwanamke wa Bogotá aliijua sitara, na wewe uliyelelewa nyuma ya pazia la mlango wa mama ukaisahau vipi?

Mwanao ameniambia unashinda na chai kavu. Kula, tafadhali. Nilipokuwa nikimuuguza mama nilifanya hivyohivyo, na mwili haukunisamehe.

Sikwambii uliondoe godoro. Nilitaka kukwambia hivyo, nimeandika na kufuta mara nyingi, kwa sababu nililitazama tena nikaona ndilo peke yake mle ndani lenye urefu wa mama. Lakini kipande cha pili cha kisutu, ambacho huenda ulidhani kimekwenda na mkokoteni, kiko kwangu, ndani ya kasha, na bado kina harufu ya udi. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuja nacho. Mwambie mwangalizi aniruhusu kugusa.

Dada yako